Jembe Lililolishwa Asali

Freiberg, Ujerumani Mashariki
9 Septemba 1973

Mjomba Mabruki,

Shikamoo. Naiona barua hii ikikukuta hapo Gongoni umekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, unamsema mtu. Mimi ni mzima, nakula, ingawa viazi vya huku vimenichosha kiasi kwamba nikirudi mtu asinionyeshe kiazi. Nisalimie dada Maua utakapomwandikia huko Igunga, na wanawe wote, na mumewe pia ukijisikia. Marko, msaidizi wako wa uhunzi, mwambie hapa moto haupulizwi kwa mivukuto, upepo unatoka ukutani ukibonyeza swichi. Angekosa kazi, akabaki kuvuta tumbaku kutwa.

Umeniuliza nasomea nini hasa, kwa kuwa watu msikitini wanakuuliza nawe unawajibu kwamba nasomea moshi. Hujakosea sana. Iko hewa inayotoka kuni zinapoungua, ndiyo hiyo pia tunayoitoa puani tukipumua. Wenyewe wanaiita kaboni dayoksaidi. Profesa wangu, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi, anaamini hewa hiyo isiachwe ipotee, inaweza kugeuzwa kitu cha kufaa. Tunachukua unga wa chuma, tunautia na maji ndani ya chungu kinene cha chuma cha pua, tunaishindilia ile hewa humo, tunakaza kifuniko kwa bolti, halafu tunapasha moto kupita kabisa joto la maji yanayochemka. Maji hayana pa kutokea, basi yanakuwa makali. Chuma kinayanyang'anya oksijeni yake na kushika kutu nyeusi, na hidrojeni inayobaki yatima inajishikiza kwenye ile hewa. Vikipatana, inazaliwa asidi, ile ile aliyonayo sungusungu, inayokuwasha akikung'ata. Viwandani wanaitumia kutengenezea ngozi. Fikiria ngozi za ng'ombe zinazotoka Igunga kwenda nje zikiwa mbichi, kisha fikiria tungekuwa na asidi yetu wenyewe, ya moshi na vyuma chakavu. Hapo ndipo kusoma kwangu kunapoelekea.

Tabu ni kwamba chuma cha dukani kinatupa asidi kidogo mno. Profesa anataka kujaribu chuma kilichoyeyushwa kwa makaa ya miti, cha mikono. Kwao kimebaki makumbusho tu. Mimi nikadakia kwamba kwetu kipo. Sasa nakuomba kipande, hata cha ukubwa wa kiganja. Dionis, yule kijana wa misheni aliyekuwa akileta baiskeli yake kwako, anakuja kusomea injini za treni. Ataondoka Tabora mwezi wa kumi na moja.

Kazi hii ikikubali, nitapewa shahada yangu na mwezi wa tano nitakuwa nyumbani. Isipokubali, itabidi nibaki miaka miwili mingine. Nakuambia wewe tu, mjomba: nautaka mwezi wa tano. Huku Jumapili ni ndefu.

Mpwa wako,
Nassibu


Gongoni, Tabora
4 Novemba 1973

Nassibu mwanangu,

Marahaba, tena marahaba ya Idd, maana tumefungua salama na pilau tumekula. Nilikula kwa jirani, Bi Sikuzani. Anakusalimu na anauliza kama huko mnaswali au mnatazama theluji tu. Maua hajambo, amepata mtoto mwingine wa kiume. Ananiandama nihamie kwake Igunga, eti nimezeeka kukaa nyumba nzima peke yangu tangu mke wangu atangulie mbele ya haki. Nimemjibu, nikiondoka, Nassibu akija atabisha mlango wa nani? Mpaka mwezi wa tano sibanduki hapa.

Umeomba kipande. Kwani mgeni anapelekewa mguu tu, mwili ukabaki nyumbani? Nimempa Dionis jembe zima. Unalijua, ni lile lililokuwa juu ya mlango wa chumba changu. Ni la mahari ya bibi yako, mama yetu, mimi na mama yako. Babu yako alipokuja kumposa alileta majembe, ndivyo ilivyokuwa enzi zile wapagazi walipokuwa wakipita hapa na mizigo ya pembe, na jembe lilinunua mbuzi, chumvi, hata njia ya kupita. Mengine yalilimiwa yakaisha. Hilo moja baba yake bibi hakuligusa, likarithiwa mpaka likanifikia mimi. Liliyeyushwa kwenye tanuru la udongo na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena. Kama hao Wajerumani wanataka chuma cha makaa, basi wamepata chenyewe.

Nimeliaga kama majembe ya ukoo wetu wa wahunzi yanavyoagwa yakienda mbali. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe, Marko sikumwachia. Likatekate utakavyo, usilionee huruma. Mwezi wa tano ni bora kuliko jembe.

Barua zako andika kwa herufi kubwa kidogo. Karatasi za huko ni nyembamba, maneno ya nyuma yanatokea mbele.

Mjomba wako,
Mabruki bin Ngollo


Freiberg
20 Januari 1974

Mjomba,

Shikamoo nyingi kuliko theluji iliyolala dirishani kwangu. Dionis alifika, akalitoa jembe kwenye sanduku lake katikati ya soksi. Nililishika nikakaa nalo kitandani muda. Yeye akaondoka siku ya pili kwenda mji wake, na tangu hapo Kiswahili nakisema peke yangu.

Sasa sikiliza. Nililifuta kwa petroli ile nta uliyolipaka, nikalipiga brashi ya waya mpaka likang'aa, nikakata kipembe na kukisaga kwa tupa. Unga nikautia chunguni na maji na ile hewa, tukapasha. Tulipofungua, profesa mwenyewe alipima, akapima tena, akaita wenzake. Asidi ilikuwa nyingi kuliko tuliyowahi kuipata kwa chuma chochote! Mzee yule ambaye hanisalimii ila kwa kichwa alinishika bega mbele ya watu. Ameshaandika habari hiyo kwenye jarida lao, na jina langu limo, na jina la Tabora limo.

Mjomba, nakuja. Karatasi zangu zinaandaliwa. Mwezi wa tano utaniona stesheni.

Nipe habari za nyumbani, hata zisizo na maana. Nani amegombana na nani. Mvua imenyesha? Niandikie kirefu.

Mpwa wako mwenye furaha,
Nassibu


Gongoni, Tabora
25 Februari 1974

Nassibu, jicho langu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako msikitini, nikaisoma kwa muuza kahawa, nikaenda nayo mpaka stesheni kwa kuwa kule wako wanaokufahamu. Mvua imekuwa haba, mahindi yanasinyaa, watu wana nyuso ndefu, lakini mimi natembea kifua mbele. Jembe la mama yangu limewafundisha kazi Wajerumani! Watani zangu Wasukuma wananidhihaki kwamba nikizikwa nizikwe na tupa, maana mpwa wangu atanisaga mifupa atafute asidi. Nimewaambia mifupa ya Mnyamwezi haisagiki.

Nakwambia siri ya ushindi, uwaambie na wao waiandike. Nililipasha jembe moto, si mpaka likawa jekundu, bali moto wa kuunguza mkono, nikalizamisha kwenye chungu cha asali ya Usinge, ile nyeusi ya msitu wa miyombo. Nikaliacha humo lipoe lenyewe. Jembe la kale halikushikana kama chuma cha dukani, ndani lina vijitundu kama andazi, na linapopoa linanyonya. Asali iliingia mpaka moyoni. Kisha nikalipaka nta kote ili isitoke. Ndivyo tunavyolisha chuma kinachosafiri, kisiondoke nyumbani na njaa. Wewe ulikuwa mdogo, hukuwahi kuona, kwa sababu siku hizi hakuna anayesafirisha jembe.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Nimekununulia kitanda kipya cha kamba, kile cha zamani Marko amekivunja kwa kukikalia akila karanga. Maua atakuja na watoto mwezi wa tano. Usipande basi kutoka Dar, njoo na treni, nikupokee.

Mjomba wako,
Mabruki


Gongoni, Tabora
2 Juni 1974

Nassibu,

Salamu. Natumai u mzima. Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa pili, wala la kadi niliyokutumia mwezi wa nne. Pengine posta.

Mwezi wa tano umepita. Maua alikuja na watoto, wakakaa, wakarudi Igunga, pamba ilikuwa inawangoja. Mtoto mdogo amejifunza kutembea hapa uani. Mimi nilikuwa nikienda stesheni treni ya kutoka Dar inapoingia, lakini usidhani nilikwenda kwa ajili yako. Kuna mtu wa mkaa nilikuwa nikimfuatilia.

Marko ameondoka. Wale wa vijijini waliosambaa porini wanakusanywa, naye wamempangia kijiji cha ujamaa upande wa Usinge pamoja na ndugu zake. Alikuja kuniaga, akanikumbusha kwamba mvukuto wa kushoto unavuja. Basi. Tangu hapo moto siuwashi mara kwa mara.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nangoja huo mshindo. Uwe wa heri au wa shari, nitumie.

Mabruki


Freiberg
7 Julai 1974

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua zako zote zimenifikia. Nimefurahi kusikia mtoto wa Maua anatembea. Pole kwa kuondokewa na Marko.

Kazi imeongezeka, na imebidi safari isogezwe mbele. Bado sijajua mpaka lini. Afya yangu ni nzuri. Siku hizi hakuna baridi, miti yote ina majani, watu wanakaa nje bustanini na familia zao.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapanda juu kama inakimbia. Je, u mzima?

Nitakuandikia kirefu nitakapopata nafasi.

Nassibu


Gongoni, Tabora
15 Septemba 1974

Kwa Nassibu,

Marahaba. Usishangae mwandiko huu mzuri. Anayeandika ni Mwalimu Pelagia, yule mama wa Kikatoliki anayefundisha kisomo cha watu wazima hapa mtaani. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu uliteguka, na yeye mwandiko unahitaji mazoezi, kwa hiyo ninamsaidia. Amenitazama vibaya, lakini ameandika.

Hali ya hapa ni ya njaa. Tunapanga foleni ya unga wa njano kutoka ng'ambo, ugali wake unanata kama gundi. Ramadhani inaingia sasa, kwa hiyo kufunga tutafunga tu, tupende tusipende. Bi Sikuzani ananigawia futari. Maua ameleta mchele kwa lori la pamba na ameniambia tena nihamie kwake. Safari hii alilia. Nikamjibu jibu lile lile, na hata mimi nikalisikia limechakaa.

Sasa nakuuliza kama mwanamume mwenzangu. Barua yako ilikuwa na mistari michache ya mtu anayesimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Kazi imeongezeka. Kazi gani? Si ilikwisha, si walikushika bega? Kama umeoa huko, sema. Kama kuna mtoto, sema, sitakuchinja. Kama umeona kwetu ni vumbi na foleni ya unga, nalo ni neno, watu wameona hivyo kabla yako. Ila usinifanye niwe mtu wa kupaka chokaa chumba cha mtu asiyekuja. Ahadi ni deni, na hili unanidai mimi nikulipe kwa kungoja.

Nikipata jibu la wazi, nitajua pa kuweka roho yangu. Nisipolipata, nitaendelea kumdanganya Maua.

Mabruki, kwa mkono wa Mwl. Pelagia


Freiberg
3 Novemba 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo. Idd njema iliyopita. Niliswali peke yangu chumbani, halafu nikala viazi.

Sijaoa. Hakuna mtoto wala mwanamke. Ningekuwa na mtu wa kuningoja mezani huenda ningekuandikia uongo mzuri zaidi. Nilipoona unanidhania hivyo, nilitaka kukuacha udhanie, maana mtu aliyenogewa ugenini anasamehewa, ndio mambo ya ujana. Lakini umesema unamdanganya Maua kwa ajili yangu, na hilo limenishinda. Kwa hiyo nakueleza lililotokea, na naomba ukae chini kwanza.

Barua yako ya mwezi wa pili niliisoma ngazini, nikicheka. Nilipofika kwenye asali nikaacha kucheka. Nikashuka chini kwenye maabara, nikachukua unga wa lile jembe, nikautia chunguni na maji matupu. Ile hewa sikuitia hata punje. Mjomba, hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulifanya mapema, ajue kama kitu kinatoka anakodhani kinatoka. Mimi sikulifanya kwa sababu ya haraka ya kurudi nyumbani. Nilipofungua chungu, asidi ilikuwepo, nyingi vile vile. Haikutoka kwenye moshi. Ilitoka kwenye asali. Sukari ikipikwa kwenye maji makali kama yale huvunjika, na mojawapo ya vipande vyake ndiyo asidi hiyo hiyo. Mimi nilifuta nta ya nje nikaona nimesafisha. Ya moyoni ilibaki.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima bila kumwambia mtu. Ningenyamaza ningepewa shahada na kupanda ndege. Karatasi zilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha Bi Sikuzani. Nakiri nilifungasha sanduku kabisa. Kisha nikawaza kiwanda cha ngozi kinajengwa siku moja kwa kutegemea neno langu, na kinasimama hapo, hakitoi kitu, na watu wa Igunga wanakitazama. Nikaenda kwa profesa nikamwambia. Hakugomba. Alivua miwani, akasema tuanze upya. Wameandika jaridani kwamba habari ile ya kwanza haikuwa sahihi. Jina langu limo, na jina la Tabora limo.

Kwa hiyo ni miaka miwili. Jembe lililobaki nimelichoma mpaka asali yote ikaisha ndani yake, nikalisaga, tukajaribu na ile hewa. Asidi ilitoka kidogo, kidogo sana, lakini hiyo ni ya kweli. Tunabadilisha joto, tunabadilisha maji, tunajaribu na zinki. Inakwenda polepole.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambiaje? Mkono ulionilea ndio ulioninyima safari, na uliifanya kazi hiyo kwa mapenzi, na mbele ya mji mzima. Kosa ni langu, mimi ndiye msomi wa kupima. Lakini nilijua hutalichukua hivyo, nilijua utakaa na koleo mkononi ukijilaumu mwenyewe, nami niko mbali siwezi kukunyang'anya hilo koleo.

Siku nilipolichoma jembe, chumba kile cha chini kilinuka asali ya Usinge. Wenzangu walifungua dirisha wakatoka. Mimi nilibaki humo mpaka harufu ikaisha, na nililia, mjomba. Nimechoka kuwa peke yangu.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mpwa wako,
Nassibu


Gongoni, Tabora
5 Januari 1975

Nassibu mwanangu,

Marahaba, na mwaka mpya uwe wa kheri. Mvua imeanza kunyesha vizuri, na Mwalimu Pelagia amekuja na viatu vya matope, amevitoa mlangoni. Anaandika neno kwa neno, hata haya ya viatu vyake. Barua yako alinisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilimkatiza, nikatoka nje uani. Mara ya pili nilimwacha amalize.

Ulivyodhani ndivyo nilivyofanya. Nililaumu mikono yangu. Tena kuna jambo ambalo wewe hulijui. Desturi yetu, si kama nilivyokuandikia, ni kulipaka jembe asali kwa unyoya tu, likang'aa, basi. Baba yangu alipaka, babu yangu alipaka. Mimi ndiye niliyelipasha moto na kulizamisha, nikaliacha likanywa mpaka kesho yake, kwa kuwa kupaka niliona hakutoshi. Nilitaka likurudishe. Nilisema humo chunguni, kwa sauti, Marko akiwa hayupo: nenda umlete. Kumbe nilikuwa nakufungia mlango. Hayo ndiyo nimekuwa nikiyatafuna tangu barua ifike, na hayamezeki.

Mjini nimewaambia. Nilisimama pale pale kwa muuza kahawa nikawaambia asidi ilikuwa ya asali, na kwamba mpwa wangu aligundua mwenyewe na akasema mwenyewe, wakati angeweza kukaa kimya. Watani walicheka, kama ilivyo haki yao. Mmoja wao, mzee Bernardo, hakucheka. Alisema mtoto huyo amelelewa. Nilirudi nyumbani na neno hilo nikalilalia.

Sasa na mimi nitoe langu, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkono wangu haukuteguka. Ni macho. Yalianza kabla jembe halijaondoka, pembeni kwanza, kama mtu anayefunga madirisha moja moja. Mhunzi anakijua chuma kwa rangi yake, na mimi rangi zilinikimbia. Nyekundu na manjano zikawa kitu kimoja. Nilimwunguzia mkulima mmoja wa Usinge jembe lake likawa kama ganda la mkaa, akalichukua kwa heshima. Siku hiyo ndipo nilipouzima moto. Daktari wa macho aliyepita mkoani amesema yaliyokwenda hayarudi, na yaliyobaki yananiaga. Nakiona kivuli cha Pelagia, miwani yake siioni. Maua alijua kabla yako, ndiyo maana alilia. Nilimkataza asikuandikie.

Nilikuficha ili urudi kwa sababu unataka, si kwa sababu ya kuongoza kipofu. Nawe ukanificha ili nisijilaumu. Tumefichana vizuri sana, na kila mmoja amekaa peke yake na chake.

Mwalimu ameniuliza nataka kukuambia nini mwishoni. Nilianza kumwambia aandike fuata kazi yako, mimi sina neno, Mungu atatukutanisha. Kisha nikamwambia afute. Hayo ni maneno ya msibani. Andika hivi: nataka urudi. Nimetaka tangu siku ile treni ilipokuchukua, na sijawahi kulisema kwa sababu niliona aibu, mwanamume mzima. Kama wanakulazimisha umalize miaka yao, maliza, chuma hakitolewi motoni nusu. Nitaelewa. Lakini usidhani nitafurahi, wala usije ukasema mjomba alikuruhusu kwa roho nyeupe. Roho yangu si nyeupe.

Igunga nitakwenda. Maua anakuja kunichukua mvua zikipungua. Nyumba atabaki nayo Bi Sikuzani, na chumba chako kitafungwa, hatapangishwa mtu.

Neno moja la mwisho, nalo ulishike. Siku utakapokuja, iwe mwakani, iwe lini, usije ukasimama mbele yangu umenyamaza, unatabasamu, unangoja nikuone. Anza wewe. Taja jina lako.

Mjomba wako,
Mabruki